Kondo Lililochomwa

Dada yangu Eulalia alivuja damu nyingi alipozaa watoto wake wawili wa kwanza. Kwa hiyo, kwa mimba ya tatu, nilimsihi ajifungulie kwenye zahanati ninakofanya kazi ya uuguzi.

Alikuja kukagua chumba cha kujifungulia. Mama yetu, mkunga wa kijiji, alikuwa ametundika kamba kwenye boriti ili mzazi aishike akiwa amechuchumaa, kama tunavyozaa huku milimani. Daktari alikuwa ameweka jiko la kuni la kupasha chumba joto.

"Mume wangu akiona kulivyo na joto hapa, atahamia yeye," Eulalia alisema, akacheka. "Haya. Nitakuja."

Jirani yetu Pascuala akamtangulia, akajifungua salama. Mumewe alipofika na kitambaa kipya kuchukua kondo la nyuma akalizike karibu na meko yao kama tulivyowaahidi, alikuta limeshachomwa shimoni pamoja na pamba chafu. Ndivyo kanuni za zahanati zilivyotaka, na hakuna aliyekumbuka kuzibadilisha. Kwetu, mtoto ambaye kondo lake halikuzikwa hana kwao.

Nilikwenda kwa Eulalia.

"La kwako nitalishika kwa mikono yangu, dada."

"Pascuala naye si aliahidiwa? Nenda, mdogo wangu, msomi wetu. Mimi nitazalia jikoni kwangu."

Mume wa Eulalia alikuja kuniita mbio asubuhi ya Jumamosi. Nilimkuta mama amepiga magoti, akimkanda Eulalia tumbo. Mtoto wa kike alikuwa akilia vizuri. Kondo lilitoka zima. Damu ndiyo haikukoma. Nilimdunga sindano ya kuizuia, lakini mkono wake ulikuwa umeshapoa.

"Kondo lipo?" aliniuliza.

"Lipo, dada."

Hakusema tena.

Mama alilizika karibu na meko kabla hatujamwosha maiti. Kisha akauliza, "Hiyo sindano, mbona sikuwa nayo mimi?"

"Inatakiwa kukaa kwenye baridi, mama."

"Na huku kwetu kuna kitu gani kingine zaidi ya baridi?"

Daktari alipokuja mazishini, mama alimuuliza hivyohivyo. Jumatatu alifuta ile kanuni ya shimo, akamwita mama amfundishe kudunga. Walianzia kwenye viazi. Mama alidunga kimoja baada ya kingine, machozi yakimtiririka hadi kidevuni. Hakuyafuta, kwa sababu alikuwa ameshanawa mikono.