Malkia Anaota Moto

Mwaka ule Elieshi, mama wa duka aliyetoka Machame, alileta televisheni na deki ya video. Kila Jumapili baada ya misa jenereta lilinguruma, na nusu ya Karatu ikajaa uani kwake. Kaseti zilikuwa za Kihindi: ngano za kale, mishale inayogeuka nyoka, malkia aliyezaliwa mtoni. Kihindi hakuna aliyekijua, ila macho hayahitaji mkalimani.

Qamara, bibi yake Blandina, ndiye aliyemhitaji. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili. Daktari wa macho alikuwa anakuja hospitali ya misheni Endulen juma lile, na Blandina alikuwa amembembeleza bibi akapasuliwe, mpaka ulimi ukakauka.

"Jicho langu likatwe kisu? Mimi mbuzi?"

Basi Blandina akakaa naye, akimnong'oneza kila kitu kwa Kiiraqw. Mto wa Wahindi akaugeuza chemchemi kama za kwao, bibi asije akapotea katika hadithi. Qamara akampenda malkia yule kama wa tumbo lake, hata katikati ya juma akawa anauliza, "Sijui amekula?"

Jumapili ya juma hilo malkia akafa. Wakamlaza juu ya kuni, wakawasha. Blandina akaushika mkono wa bibi.

"Mbona kimya?"

"Amejifungua, bibi. Wanamwotesha moto, kama mzazi wa kwetu."

"Ahaa! Supu wamempa?"

"Sufuria nzima."

Jirani yao Patrisi akapiga ukelele, "Jamani, wanamchoma malkia!"

"Patrisi, mzazi anachomwa wapi?"

"Kafa huyo, bibi! Blandina anakudanganya."

Uwanja ukaangua kicheko. Qamara akautoa mkono wake mikononi mwa mjukuu, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba.

Wakarudi nyumbani, bibi akipapasa njia kwa fimbo. Mlangoni akasimama.

"Patrisi mlevi. Wewe nimekulea. Na leo sijui nimwamini nani." Akavuta pumzi. "Huyo daktari, kisu chake kinauma?"

"Hakiumi hata kidogo, bibi."

"Unaanza tena!"

"Sijui kama kinauma, bibi. Naogopa kama wewe. Lakini nitakuwa mlangoni mpaka watoke na wewe."

"Sasa hapo umesema." Qamara akaketi kizingitini. "Kesho katafute gari. Nikipona macho, huyo malkia nimwone mwenyewe."

Blandina hakungoja kesho. Alishuka barabarani muda uleule, kuuliza lori la Endulen linaondoka lini.