Kitambaa cha Meno ya Tairi

Wanyoike alikuwa akiziba pancha pale Mai Mahiu tangu ujana, na mikono yake ilijua mpira, grisi na chuma, basi. Sasa ilikuwa ya zambarau hadi kwenye viwiko, naye alikuwa anacheka peke yake uani.

Kisa kilikuwa Njoki wa kibanda cha chai, pale chini karibu na barabara. Wote wawili walikuwa wamefiwa, na Wanyoike alikuwa amemwomba waoane. Njoki hakukubali wala kukataa. Alimmiminia chai akasema, "Leso za dukani nimepewa na madereva mpaka nimechoka, Baba Jerry. Nitengenezee kitambaa kwa mkono wako, halafu tuongee. Jumamosi nakuja kuona."

Jumamosi ndiyo hii.

Alianza na biturudi. Kitambaa kilitoka chekundu cha kupendeza, akakiosha, kikawa rangi ya maji ya githeri, yale ya kuchemshia mahindi na maharagwe. Akajaribu unga wa zambarau, ukashika ngozi yake ukakataa kitambaa. Maganda ya vitunguu aliyoyachemsha ndani ya debe yakatoa manjano safi kabisa, ila Omolo, jirani yake fundi wa kuchomelea vyuma, akauliza supu itaiva saa ngapi.

Lakini manjano matupu si zawadi. Ndipo asubuhi hiyo, akisukuma tairi la Probox kando, likapita juu ya rangi ya buluu ya vitambaa iliyomwagika, likaacha mstari wa meno kwenye saruji. Wanyoike aliutazama mstari ule mpaka akasahau kufunga mdomo.

Alitandaza kitambaa uani, akakibana pembeni kwa nati za lori. Akapaka tairi rangi kwa brashi, akalisukuma polepole. Mstari ukanyooka, kila jino mahali pake.

"Mzee, unaendesha gari bila gari?" Omolo akapiga kelele.

"Nyamaza uone!"

Furaha ikamzidi. Safari ya pili alisukuma kwa nguvu zote, na ule ua ulikuwa kwenye mteremko. Tairi likavuka kitambaa, likatoka langoni, likapita juu ya mlango uliolazwa chini, ambao Omolo alikuwa ametoka kuupaka rangi.

"Mlango wa mteja!"

Likaruka mtaro. Wanyoike mbio nyuma yake bila viatu, Omolo nyuma ya Wanyoike, amevaa miwani yake ya kazi. Madereva waliokuwa wakipumzika wakapiga honi. Tairi likapinda likaelekea kibanda cha chai.

"Wacha pale!" Wanyoike akalisihi, kana kwamba lina masikio. "Si pale!"

Sufuria zikalia.

Wanyoike akasimama. Ndoa imeisha, alijiambia, na haikuwa hata imeanza.

Tairi likatokea tena, na nyuma yake Njoki, analisukuma kupanda mlima. Aproni yake nyeupe ilikuwa na meno ya buluu kutoka magotini hadi kifuani.

"Mathe, endesha!" madereva wakashangilia.

"Hii ni yako?" Njoki akamuuliza Wanyoike.

"Ni yangu."

"Kwani kwenu ndiyo mnaitisha bibi hivi?"

Wanyoike akaonyesha uani. Njoki akaingia, akainama juu ya kitambaa, akakinusa.

"Kitunguu."

"Nimekiosha. Harufu ndiyo haitoki."

Njoki alicheka mpaka akaketi juu ya jeki. Alipopata pumzi akachukua brashi, akapaka tairi upya. "Simama kule mwisho udake. Na ukiiachilia tena, utanilipia sufuria."

Wakalisukuma huku na huku, mistari ikapishana, mingine imenyooka, mingine imelewa. Mwishowe Njoki akapima kitambaa kwa mkono, akamtazama Wanyoike mabega, akapima tena.

"Inatosha rinda yangu na shati yako."

"Shati yangu ya nini?"

"Boss!" Omolo akashika kichwa. "Umekubaliwa na bado unauliza ya shati?"

Wanyoike akaruka juu kama mtoto. Aliposhuka, mguu mmoja uliingia ndani ya mkebe wa rangi, na hatua iliyofuata ikatua katikati ya kitambaa. Unyayo mzima, vidole vyote.

Akaganda. "Nimeharibu."

"Wacha hivyo," Njoki akasema, akijifuta machozi ya kicheko kwa aproni ileile. "Hiyo itakaa kwa mgongo wako, kanisa yote ione."