Mama Hakuomba Cheti

Mama yetu Theodora, ambaye kijiji kizima cha Namkwale kilimwita Mama Dunstan, aliteleza kwenye mteremko wa bondeni mwishoni mwa kiangazi akiwa na ndoo ya maji kichwani. Nyonga ikavunjika. Walimpeleka hospitali Newala, na huko hakutoka akiwa hai. Maji yale hayakuwa ya nyumbani kwake. Yalikuwa ya zahanati, ya chumba cha kujifungulia, kwa sababu pampu ya kijiji ilikuwa imekufa miaka mingi, na mjamzito aliyefika pale mikono mitupu aliulizwa kwanza maji yake yako wapi.

Tulimzika, nikarudi Masasi kwenye cherehani yangu. Siku ya ibada ya shukrani ilipofika, nikapanda tena kijijini. Msimu wa korosho ulikuwa umepamba moto, lakini watu waliacha mashamba wakaja, wa kanisani na wa msikitini.

Hakuna aliyekosa la kusema juu yake. Baba alipofariki, mama alibaki na sisi wawili, mimi na kaka Dunstan, na shamba la mikorosho iliyochoka. Alitulea, akawalea na watoto wa dada yake. Alifundisha wasichana katekisimu kila Jumamosi. Msibani alifika mapema kuliko wote na aliondoka masufuria yakishaoshwa. Alikuwa mkali pia. Ukichelewa ibada bila sababu, hakusemeshi mpaka Jumatatu.

Asubuhi ya ibada nilikaa nyuma ya nyumba na Mama Ashraf, Hamida kwa jina lake, tukichambua mchele. Yeye na mama walikuwa wakishuka bondeni pamoja tangu pampu ilipokufa. Nikamwambia nashangaa mama hakuwahi kulalamika. Hamida akasimamisha ungo.

"Nani amekwambia hakulalamika?"

Akanieleza. Walikwenda ofisi ya kijiji mara nyingi hata hakumbuki, wakikalia benchi la nje hadi adhuhuri. Mtendaji, Bwana Gwakisa, aliwapokea vizuri, akawaita mama zangu, akasema suala lao linashughulikiwa. Mara ya mwisho alimwambia mama asihangaike, kwani thawabu yake iko mbinguni. Mama akamjibu: "Mwanangu, thawabu yangu najua iko wapi. Mimi naulizia maji." Gwakisa akacheka, akamsifu kwamba ana maneno, akaingia ndani. Wiki iliyofuata mama akateleza.

Nilichambua mchele ule bila kuuona.

Ibada ilikwenda vizuri. Padri Basil alihubiri kwa ufupi, akina mama wakaimba wakiwa na vitambaa vyao vyeupe. Kisha akakaribishwa Bwana Gwakisa. Alisema kijiji kimepoteza nguzo. Alisema marehemu alibeba maji kwa moyo mmoja, hakuchoka, hakudai chochote, na amefia katika utumishi. Akatoa cheti ndani ya fremu ya kioo. Halafu akatangaza kwamba, ili kumuenzi, akina mama vijana wa kanisa wangepangiwa zamu ya kupeleka maji zahanati, na zamu hiyo ingeitwa kwa jina la Theodora.

Watu wakapiga makofi. Kaka Dunstan, ambaye ni katekista, alikuwa analia kwa shukrani. Wakaniita nikapokee cheti kwa niaba ya familia.

Nilikwenda mbele, lakini mikono sikuinyoosha. Niliwaamkia wazee shikamoo, wakaitikia.

"Bwana Mtendaji, mama yangu alidai. Alikuja kwako akadai, ukamwambia asubiri mbinguni. Hakufia utumishi. Amekufa kwa sababu pampu haikutengenezwa. Leo unataka kuwapa mabinti hawa njia ileile iliyomuua, halafu uiite kwa jina lake. Jina lake sikupi."

Gwakisa akasema taratibu kwamba dada yetu ana majonzi, tumwelewe, na kwamba hapa si mahali pake. Dunstan alinishika kiwiko akaninong'oneza nikae, namwaibisha mama mbele ya watu. Nikamwambia aliyemwaibisha mama ni aliyemkalisha kwenye benchi. Padri Basil aliinamisha kichwa, akaanzisha wimbo. Kama alikuwa upande wangu, hakusema, na hilo nalo liliniuma.

Nilidhani nimebaki peke yangu. Chakula kilipokwisha, Maria, mwenyekiti wa umoja wa akina mama, mwanamke mpole ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, alinijia akasema zamu haitakuwepo. Jumatatu wanakwenda ofisini, nami niahirishe safari.

Tulikwenda, kundi zima, na Hamida mbele. Gwakisa alitueleza habari za bajeti. Maria akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba kuanzia siku ile kila mjamzito atakayeambiwa zahanati haina maji ataletwa hapa ofisini, ajifungulie hapa, na yeye Mtendaji atatafuta maji. Hakuwa anatishia. Alikuwa anatoa taarifa. Tukakaa kwenye benchi na chini, tukala muhogo wetu pale pale, na kesho yake tukarudi.

Fundi aliletwa kutoka Newala kabla wiki haijaisha. Alifungua mashine, akatoa kifaa kilicholika, akaweka kipya, akaufunga mkanda. Asubuhi moja tu. Kabla jua halijawa kali, maji yalikuwa yanatoka bombani, mekundu kwanza, halafu meupe.

Wanawake wakapiga vigelegele. Dunstan, ambaye alikuwa hajanisemesha tangu ibada, alinisogelea akasema tumshukuru Mungu. Nikamwambia namshukuru, tena sana, lakini Mungu hakuwa na deni la pampu. Tulisimama tu bega kwa bega tukiangalia ndoo zikijaa, na nilijua maneno yangu yatamkaa muda mrefu.

Nilitaka kufurahi, nikashindwa. Kila nilipotazama kile kifaa kibovu kilichotupwa kwenye majani, kidogo, cha kushikika kwa mkono mmoja, nilimwona mama anapanda mteremko akiwa amekaza shingo. Miaka yote ile, asubuhi moja ingetosha.

Hamida hakupiga kigelegele. Alinawa uso, akaketi juu ya ndoo aliyoipindua, akaanza kujikanda magoti. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Yalianza zamani," alisema. "Mama yako naye yalikuwa yanamuuma hivihivi."