Mkanda wa Yayeri

Krr, krr. Gizani chupa ilibingirika juu ya saruji, ikaenda, ikarudi chini ya unyayo wa Yayeri. Maji yake yalikuwa yamegandishwa katika friji ya jirani, Shakirah muuza soda, na baridi ilimpanda mpaka kwenye meno. Binti yake Immy aligeuka mkekani, akaendelea kulala.

Kisha Yayeri akachukua mkanda wake wa kubebea, ule wa ngozi uliozoea paji la uso wake, akaupitisha chini ya vidole vya mguu na kuuvuta. Mtaalamu wa viungo kule Bwera alisema kitambaa chochote kingefaa. Yayeri hakuwa na kingine kirefu na imara kama huo.

"Kisigino hiki hakihitaji kisu, mama," kijana yule alimwambia. "Barafu, kunyoosha mguu, viatu vya soli nene. Kitapona, ila polepole, ni miezi. Na mizigo uiache kwanza."

Yote aliyashika. Hilo la mwisho tu aliliacha pale pale mlangoni pa kliniki. Immy angekula nini?

Alisimama. Hatua ya kwanza ilikuwa kama msumari kisiginoni, ule ule wa kila asubuhi.

Kule Mpondwe, mpakani, wanawake wachukuzi wana desturi yao: atakayetangulia kulaza mkanda wake juu ya mzigo, mzigo ni wake. Robota la vitenge la Marie-Louise, mfanyabiashara wa Butembo, lilikuwa la Yayeri kila siku ya soko. Leo mazoezi yalimchelewesha. Juu ya robota ulilala mkanda wa Kulusum.

"Bibi harusi amefika!" Kulusum alipaza sauti. "Muone anavyotembea na vidole, utasema anaogopa kuamsha udongo!"

Wachukuzi wakacheka. Yayeri naye akajaribu kucheka, macho yasitoke kwenye robota. Kulusum akauondoa mkanda wake.

"Beba, dada. Mimi nitapata ingine."

Heri Yayeri angekataa.

Katikati ya daraja la mpakani kisigino kiligoma. Goti likagonga chini, robota likamteleza mgongoni na kutua kwenye tope la malori. Marie-Louise, aliyekuwa nyuma yake, hakufoka. Alichutama, akaufungua mkanda, akaufuta kwa leso yake mwenyewe, akamwekea mkononi.

"Mama Immy, enda kulala. Weye iko mugonjwa."

"Nikilala, nafasi yangu utanitunzia?"

Marie-Louise alivitazama vitenge vyake vilivyolowa. "Mungu anajua," akasema, na kumpungia Kulusum mkono aje auchukue mzigo.

Basi mapumziko aliyoagizwa akawa ameyapata. Alirudi akikanyaga kwa ubavu wa mguu, akikaa kila palipokalika, mkanda shingoni kama kitu alichokiokota njiani.

Alipofika, jua lilikuwa limeshainama na Immy ametoka shule. Alikaa kizingitini na gauni la sare, bila sweta.

"Sweta yako iko wapi?" Yayeri alifoka. "Umeipoteza?"

Mtoto aliingia ndani, akatoka amekumbatia furushi. Akalifungua taratibu, mkono mmoja wa sweta, kisha wa pili. Ndani ilikuwemo chupa ya alfajiri, na humo kipande cha barafu kilichobaki kama yai kilielea.

"Mama, bado iko baridi."