Ukuta wa Orval

Curtis Dahlke alikuwa fundi wa misingi ya nyumba, na hapa mjini Keokuk, ambako nyumba nyingi ni kuukuu, fundi wa namna hiyo hakosi kazi. Alichokosa ni nyumba yake mwenyewe. Yeye, mkewe Joelle na mabinti zao wawili walipanga vyumba viwili juu ya duka la kinyozi, na majira ya baridi yakifika madirisha yaliganda barafu upande wa ndani.

Bibi Verna Klocke alimwita akamtazamie ufa katika ukuta wa chumba cha chini ya ardhi. Alikuwa mjane wa miaka themanini na mbili, anajiandaa kuhamia nyumba ya wazee. Alitaka kuuza, ila hakutaka kumdhulumu mtu.

Curtis aliumulika ufa kwa tochi, akaupitishia kidole. Ulikuwa mkavu, na rangi ya miaka arobaini iliyopakwa juu yake haikuwa imechanika hata kidogo. Ukuta ule ulipasuka mara moja, zamani, ukatulia.

"Vipi, msingi unatitia?" Bibi Verna aliuliza akiwa juu ya ngazi.

Curtis alikuwa ameshaiona nyumba wakati anapita: ngazi za mwaloni, ua mpana, chumba cha ghorofani kinachopata jua asubuhi.

"Siwezi kukuhakikishia, bibi," alisema. "Misingi hii ya zamani, ukianza kuitengeneza hujui gharama itaishia wapi."

Hakusema neno hata moja la uongo. Mwezi uliofuata bibi aliyekuwa akifikiria dola elfu tisini aliwauzia Curtis na mkewe kwa elfu sitini na mbili, bila dalali, na akaona wamemsaidia. Joelle alilia kwa furaha. Curtis alimwambia machozi yatamharibia rangi mpya ya mlango, wakacheka.

Ingekuwa rahisi kama bibi angewasahau. Lakini Jumapili moja ya kila mwezi, baada ya ibada, aliletwa na gari la nyumba ya wazee, pai ya tufaha mapajani. Na kila mara aliuliza, "Ukuta vipi, mwanangu? Nisamehe. Nimewatwisha mzigo."

Curtis aliila pai yake upesi, macho kwenye sahani. Akajizoesha kupanda juu ya paa siku hizo, eti anasafisha mifereji.

"Una nini na yule bibi?" Joelle alimuuliza. "Anakupenda kama mtoto wake, wewe unamkimbia kama anayekudai."

Majira ya kuchipua ya mwaka wa pili mvua ilimzuia kupanda. Wakakaa mezani watatu, wasichana wakiwa ghorofani. Bibi Verna alikuwa akizungusha uma kwenye sahani bila kula.

"Marehemu Orval ndiye aliyekichimba chumba kile," alisema. "Nyumba ilikuwa ya wazazi wake, chini palikuwa na shimo la viazi tu. Akitoka kiwandani jioni anashika koleo. Kiangazi kizima. Nilimsifu kwa kila mtu. Sasa najiuliza, hivi mume wangu alilipua kazi?"

Curtis aliweka uma wake chini.

"Hakulipua," alisema.

"Usinifariji, mwanangu."

"Sikufariji, bibi. Ukuta ni mzima. Utakuwa mzima sisi sote tukiwa hatupo."

Joelle aliacha kumimina kahawa.

"Umejua lini?" bibi aliuliza.

"Siku ile ile. Kabla sijazima tochi."

Bibi Verna aliisukuma sahani kando. Kisha akamgeukia Joelle. "Mama, nipe koti langu."

Joelle ndiye aliyemrudisha. Aliporejea alisimama mlangoni na funguo mkononi. "Nimemfikisha," alisema. "Unajua nilivyoona aibu? Nimelala humu karibu miaka miwili nikimshukuru Mungu."

Wakakopa benki kwa dhamana ya nyumba. Curtis alimpelekea bibi hundi ya elfu ishirini na nane. Bibi aliisoma, akaiweka kwenye droo, wala hakumwambia keti.

"Hii ni ya nyumba," alisema. "Ya Orval bado. Kanisani wote niliwaambia ukuta wake mbovu. Nenda kawaambie wewe."

Akaenda. Jumapili hiyo, kwenye chakula cha pamoja, watu wakiwa na sahani za karatasi mikononi, alisimama akasema alichokifanya. Hakuna aliyemtukana. Mzee mmoja alimsogezea kiti, wengine wakaendelea kula. Kiangazi kile waliotaka kuuza nyumba walimwita fundi wa Fort Madison, mji wa jirani.

Bibi Verna alikuja tena Oktoba, bila pai. Alimsalimia Curtis kwa jina lake, "Curtis," basi. Akaomba kuteremka chini. Curtis alinyoosha mkono amshike, lakini bibi alikuwa ameshaushika wa Joelle, na wale wawili wakashuka ngazi moja moja, wakipumzika.

Curtis alibaki jikoni. Alimsikia bibi akieleza mchanga ulivyotolewa kwa ndoo, na Joelle akiuliza maswali. Kisha bibi alicheka kitu alichokikumbuka. Curtis hakukisikia vizuri, na hakuona kama ana haki ya kuuliza.