Mawese kwenye Uso wa Irène

Siku Irène alipoanza kutoweka, alikuwa uani kwao Ngagara akichambua maharage, na mama yake, Consolée, akayaona maharage kupitia mkono wake.

“Irène, mi naona maharage chini ya mukono yako.”

“Ni dawa, mama. Walisema itaanzia kwenye mukono.”

“Basi toa majiwe yote. Leo hakuna kitu inakufichia.”

Dawa hiyo ilitoka maabara moja nyuma ya soko. Huko walikuwa wakijaribu kemikali ya kuzuia ngozi isitengeneze rangi yake, na walihitaji ngozi za watu. Irène alijitolea kwa sababu Carmen, mama wa mchumba wake, alisema bibi arusi mweusi anaharibu picha. Kila Jumanne walimpaka juu kidogo: kiganja, kiwiko, bega, shingo.

Uso ulipoondoka, Consolée alimshika mkono wakaenda maabara. Daktari Adrien alipapasa hewa mpaka akalipata shavu, akaliwekea kipimo chake, akaridhika.

“Rangi imeisha kabisa, mama.”

“Munirudishie mutoto.”

“Mutoto iko hapa. Si umemushika?”

“Sura yake.”

“Sura hatukupima, mama. Tulipima rangi.”

Harusi ilifungwa. Padri aliuliza, sauti ikajibu kutoka ndani ya shela. Kwenye picha gauni limesimama peke yake kando ya Destin, bwana arusi, na Carmen alisema angalau limetoka jeupe. Destin ni mtu mwema, alijaribu. Lakini kila alipozungumza na mkewe alikuwa anautazama ukuta, na kabla ya msimu wa mvua kuanza Irène alirudi kwa mama yake.

Consolée alitaka kulia, ila hakuna anayefanya matanga ya mtu anayeosha vyombo.

Jioni moja walipokuwa wakipika, tone la mawese lilimrukia Irène, na kipande cha shavu kikaonekana, chekundu. Consolée alichovya vidole kwenye kopo la mawese akampaka paji, pua, kidevu. Kando ya mdomo alikuta mikunjo miwili ambayo hakuwa anaijua.

“Umezeeka kidogo.”

“Na wewe, mama.”

Ngozi huyanywa mafuta kabla ya maharage kuiva. Kesho yake Consolée hupaka tena.

Maabara hufunguliwa Jumanne, kama zamani. Wasichana hupanga foleni tangu asubuhi, na Adrien huwaomba wakunje mikono ya nguo mapema, wasichelewesheane.