Nusu Saa ya Zlatka

Jumatatu, saa moja kasoro robo asubuhi, fundi umeme Zlatka Peneva alifungua kabati la swichi za sumaku zinazoongoza mashine katika kiwanda cha vigae, akamkuta mfanyakazi mwenzake Stamen amekaa mahali pake, kati ya safu ya tatu na ya nne. Akampa kahawa. Stamen alikufa miaka mitatu iliyopita. Mashine ya kukandamiza vigae ilimbana kwa sababu mkurugenzi Valchev aliamuru swichi ya lango la kinga ipitishiwe waya pembeni, isisimamishe kazi ovyo kila lango likifunguliwa. Tangazo la kumbukumbu ya kifo chake, linalobandikwa getini kila mwaka, linasema ni ajali. Tangu afe, mtu akiingiza mkono, Stamen huuchomoa waya ule na mashine husimama.

"Leo unahama, kaka," Zlatka alimwambia, akamwonyesha kisanduku kipya cha kompyuta cha kushika nafasi ya kabati, kikubwa kama mkate.

"Mtu mzima mimi, nitaenea humo?"

"Swichi mia nne zimeenea, sembuse wewe ulivyokonda."

Zlatka alikipigania kisanduku hicho miaka miwili. Swichi moja ya kabati ikiungua, kuitafuta ni kazi ya kutwa. Kubadili aina ya kigae ni kung'oa waya wiki nzima. Kisanduku hutaja chenyewe kilichoharibika, na amri mpya huandikwa kabla maji ya kahawa hayajachemka. Mstari wa amri ya lango aliuandika yeye mwenyewe: lango likiwa wazi, mashine isimame.

Jumanne saa mbili mstari haukuwepo. Valchev aliufuta akiwa ofisini, kisha akabadilisha neno la siri ili Zlatka asiweze kuurudisha.

"Kitu kizuri sana hiki," Valchev alimsifu Zlatka. "Zamani ningehitaji fundi."

Saa mbili na nusu mstari ulirudi. Stamen, akiwa ndani ya kisanduku, alikuwa ameuandika upya, polepole, kwani tangu shuleni alikuwa mzito wa kuandika.

Ikawa hivyo kila siku: saa mbili Valchev anafuta, saa mbili na nusu Stamen amemaliza. Zlatka alimwita mkaguzi. Mkaguzi alifika saa nne, akausoma mstari, akatia sahihi kwamba kila kitu ni salama, akaenda zake.

Siku iliyofuata, saa mbili kamili, Zlatka alisimama kando ya mashine, kiganja juu ya kitufe chekundu cha kuizima, macho kwenye mikono ya wafanyakazi. Hajakosa asubuhi hata moja tangu hapo. Kwa mkono wa pili hugonga kisanduku.

"Andika taratibu, kaka," humwambia. "Mimi nipo."